Kumkaribisha Rafiki Mgeni Mezani Ughaibuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo Waswahili wenzangu wanaoishi Uingereza, hasa wanafunzi na wauguzi waliofika karibuni, hunijia nayo kila wanapotaka kuwaalika nyumbani marafiki wasio wa kwetu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninaishi Leicester, na majibu yangu yametoka jikoni, yakiwemo makosa niliyoyafanya mwenyewe. Palipotajwa sheria au kanuni, ni za Uingereza. Aliyeko Ujerumani, Marekani au Muscat aulize za huko aliko.

Nimwanzie na chakula gani mgeni ambaye hajawahi kuonja chakula cha kwetu?

Ushauri wangu ni wali wa nazi, maharage ya nazi, kuku wa kuchoma kwa mwenye kula nyama, kachumbari, na chapati chache pembeni. Wali haumshtui mtu, kwa kuwa karibu kila taifa lina wali wake, na mgeni anapoipata ile harufu ya tui anakuwa ameshaingia ndani bila kujua. Maharage ya nazi nayo yana sifa moja ambayo nyumbani hatuitilii maanani: hayana nyama, maziwa, mayai wala ngano, hivyo sufuria moja humfaa Muislamu, Mhindu, Mkristo aliye kwenye Kwaresima na kijana wa Kiingereza aliyeapa kutokula chochote kitokanacho na mnyama.

Wengi hukimbilia pilau kwa sababu ndicho chakula cha shughuli, nami siwakatazi. Tatizo la pilau ni kwamba mgeni hajui kuwa vijiti vya mdalasini, karafuu na iliki nzima haviliwi. Nimewahi kumwona mzee wa watu akitafuna iliki hadi mwisho kwa adabu, machozi yakimlenga, kwa kudhani kuitoa mdomoni ni kumdharau mwenyeji. Mweleze mapema kwamba vitu hivyo husukumwa kando ya sahani, na mambo yatakwenda vizuri. Faida yake kubwa ni mazungumzo inayoyazua, kwa kuwa jina hilo limesafiri mbali: Mhindi atakuambia kwao ni pulao, Muuzbeki ataitaja plov, na Muirani ukimwonyesha ukoko atasimama kitini, kwa sababu kwao ukoko huitwa tahdig na sufuria hupinduliwa makusudi ili uwe juu ya sinia mbele ya wageni, wakati kwetu umeachiwa watoto waugombanie jikoni.

Je, ni kosa basi kumpikia mgeni ugali?

Si kosa hata kidogo, ila ugali umesingiziwa mengi ughaibuni kwa makosa ya mboga. Mara ya kwanza nilipowapikia wenzangu wa kazini, niliusonga vizuri, lakini kwa kuwa nilichelewa kurudi, mboga ikawa mayai ya kukaanga. Mmoja akaukata kwa kisu kama keki, akaupaka siagi, akanyunyiza chumvi, kisha akauliza kwa upole kama hicho ndicho chakula chenyewe au ni kitangulizi. Sikuwa na la kumjibu. Ugali hauna ladha kubwa, na haukukusudiwa kuwa nayo, kwa sababu kazi yake ni kuubeba mchuzi. Ukimpa mtu ugali bila mchuzi wa maana umempa mzigo bila mali.

Mara ya pili niliandaa samaki wa kupaka, mchicha wa nazi na pilipili ya kusaga, nikawaonyesha kwa vitendo: unakata kipande kidogo kwa vidole vya mkono wa kulia, unakifinyanga kiganjani hadi kiwe tonge laini, unabonyeza katikati kwa kidole gumba pate kishimo, kisha unachota mchuzi. Nikawaambia wasubiri kidogo, maana ndani ya bonge la ugali moto hukaa muda mrefu kuliko sura yake inavyoonyesha, na vidole visivyozoea huungua. Sinia lilirudi jikoni jeupe.

Zingatia pia mgeni wako anatoka wapi. Mwitaliano wa kaskazini amekua na polenta, na Mromania amekua na mămăligă. Wote wawili wataujua ugali kabla hujaufafanua, na huenda wakauona wako ni mgumu tu kuliko wa kwao. Mkongomani atauita fufu au bugali, Mganda posho, Mzambia nshima, na kila mmoja atataka kukufundisha namna sahihi ya kuusonga. Waache wabishane.

Ni unga gani unaofaa, na unapatikana wapi?

Tafuta unga mweupe wa mahindi uliosagwa laini, ambao huuzwa katika maduka ya Waafrika na sasa hata katika baadhi ya supamaketi kubwa zenye rafu ya vyakula vya dunia. Unga wa polenta ni wa njano na una chengachenga. Unasongeka, lakini utakukumbusha unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada ambao wazee wetu walikula miaka ya shida huku wakinung'unika. Unga mweupe uliopikwa kabla, ambao Wavenezuela hutengenezea arepa, usiuguse kwa ajili ya ugali hata kama pakiti inafanana, kwa kuwa hautaiva kama sembe bali utageuka ubandiko. Mwenye kukosa kabisa atumie semolina, akijua kwamba hiyo ni ngano na haimfai mgeni asiyeweza kula ngano.

Nipunguze viungo na pilipili kwa ajili ya wageni?

Punguza pilipili, viungo viache kama vilivyo. Hapa ndipo tunapopotea sana, kwa sababu Kiingereza cha kila siku kina neno moja, "spicy", linalobeba maana zote mbili, na Mwingereza akisema hawezi chakula cha namna hiyo, mara nyingi anakusudia ukali wa pilipili peke yake. Nilipoambiwa hivyo na jirani yangu nilikaribia kupika pilau isiyo na mdalasini, karafuu wala bizari nyembamba (bizari ambayo Zanzibar wanaiita uzile). Ungekuwa wali wa kahawia usio na habari yoyote. Bahati nzuri nilimuuliza kwanza, nikagundua kwamba mdalasini anautia kwenye keki kila Krismasi.

Pilipili iweke kwenye bakuli lake, mezani, na umwonye mtu kwa kipimo anachokielewa: ncha ya kijiko, si kijiko. Ile ya mviringo yenye asili ya Karibiani inayouzwa Uingereza katika masoko ya Waafrika na Wajamaika ni ndugu wa pilipili mbuzi, na harufu yake tamu humdanganya asiyeijua. Akizidiwa, usimkimbizie maji. Ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, kwa hiyo mpe maziwa au mtindi.

Jambo ambalo silikubali ni kupika toleo la pili la chakula chako, lililopoa, lisilo na nazi wala kitunguu saumu, kwa kudhani ndiyo heshima. Mgeni aliyekubali mwaliko amekuja kula chakula cha kwenu, na akila kivuli chake ataondoka akiamini kwamba ndivyo mnavyokula.

Nazi ya kukuna siipati. Tui la kopo linafaa?

Linafaa, mradi usome lebo. Makopo hutofautiana mno: lenye nazi zaidi ya nusu ya ujazo wake ndilo tui zito, na lililo chini ya hapo, ambalo limejazwa maji na vigandisho, lihesabu kuwa tui jepesi na ulitie mwanzoni mwa upishi. Tui zito litie mwishoni, koroga bila kuacha mpaka lichemke lisije likakatika, kisha epua. Maduka ya Wahindi na ya Wasirilanka huuza pia nazi iliyokunwa na kugandishwa kwenye friza. Hiyo ukiisaga kwa maji ya moto kwenye blenda na kuikamua kwa kitambaa safi unapata tui ambalo mtu wa Pangani hatalilalamikia.

Kama umebeba mbuzi kutoka nyumbani, jitayarishe kuieleza. Rafiki yangu Mwingereza anayejifunza Kiswahili alisoma katika maelezo ya mapishi kwamba mpishi hukaa juu ya mbuzi akakuna nazi, akaja kuniuliza kwa wasiwasi kama mnyama huyo haumii. Nilipomwonyesha kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno aliomba akijaribu, na nazi moja ilimchukua karibu nusu saa.

Muhogo, kisamvu, ndizi mbichi na mchicha nitavipata wapi?

Anza na maduka ya Wahindi. Ushauri huu huwashangaza wageni, lakini una historia yake. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda na kuwapa siku 90, na takriban watu 28,000 kati yao wakapokelewa Uingereza. Halmashauri ya mji wa Leicester ilifika hadi kuchapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus, mwezi Septemba mwaka huo huo, ikiwasihi wasije huku. Wakaja kwa maelfu, wakiwakuta wenzao waliokwisha kutoka Kenya miaka michache nyuma, na maduka waliyoyafungua ndiyo yaliyoifanya Belgrave Road, barabara ya maduka ya Wahindi hapa Leicester, kuwa kama ilivyo leo. Walikuja na ladha za Kampala, Nairobi na Dar es Salaam vinywani mwao. Ndiyo maana utawasikia Wagujarati wa hapa wakiagiza "mogo" hotelini, yaani muhogo, uliokaangwa na kumwagiwa pilipili na ndimu, na ndiyo maana mama mwenye sari nyuma ya kaunta anaweza kukujibu kwa Kiswahili kizuri kuliko cha mpwa wako aliyezaliwa huku. Ukimkuta, mwamkie shikamoo. Mmoja niliyemwamkia hivyo alinitilia bamia za bure kwenye mfuko.

Kisamvu kitafute kwa Wakongomani, kikiwa kimetwangwa na kugandishwa, kwa jina la pondu au saka saka. Muhogo na majani yake vina sumu ya asili ambayo huondoka kwa kumenya, kutwanga na kuchemsha vya kutosha, kwa hiyo rafiki anayetaka kujaribu mwenyewe nyumbani kwake mwambie wazi kwamba havitafunwi vibichi. Ndizi mbichi zinapatikana kwa Waganda kwa jina la matoke na kwa Wajamaika. Zile kubwa nene za kukaanga ni jamaa ya mzuzu, usizipikie mtori. Mchicha ukikosekana, spinachi inaziba pengo, ila hutoa maji mengi, ikamue kabla ya kutia tui.

Niwaulizeje wageni wanachokula na wasichokula bila kuonekana ninawachunguza?

Uliza unapoalika, kwa ujumbe mfupi, kila mtu na wote kwa pamoja: "Kuna chakula chochote ambacho huli au kinachokudhuru?" Kwetu swali hilo lingesikika kama dharau, kwa sababu mgeni hula anachokuta. Huku ni la kawaida kabisa, na ni afadhali uulize kuliko mtu aondoke kwa gari la wagonjwa.

Mzio wa chakula si maringo. Sheria ya Uingereza inavitaja vyakula 14 ambavyo kila mfanyabiashara wa chakula lazima avitangaze, na ingawa sheria hiyo haikuhusu wewe unayewapikia marafiki, orodha yake inasaidia kukumbuka vilivyojificha kwenye mapishi yetu. Karanga zimo, na sisi tunazitia kwenye mchicha, kisamvu na kashata. Ufuta umo, na mkate wa ufuta wa Zanzibar hauwezi kuitwa hivyo bila huo. Korosho zimo katika kundi la njugu za miti. Samaki, kamba, pweza na ngisi wamo, kwa hiyo kumtoa kamba kwenye mchuzi baada ya kuiva hakusaidii kitu. Haradali imo, nayo iko ndani ya achari nyingi za dukani. Viungo vya mchuzi vya pakiti visome lebo yake kila mara, wala usiitupe pakiti hadi wageni wameondoka. Mtu mwenye mzio atapenda kuisoma mwenyewe, na usimchukulie kuwa hakuamini.

Upande wa dini, kuwa mwangalifu zaidi ya nguruwe na nyama ya ng'ombe. Leicester ina Wajaini wengi, yaani wafuasi wa dini moja yenye asili ya India, na walioshika dini yao sawasawa hawali kitunguu, kitunguu saumu wala mizizi kama viazi na muhogo. Kwa mpishi wa pwani hilo ni sawa na kuambiwa ujenge nyumba bila matofali. Nilipomwalika rafiki wa aina hiyo nilipika mbaazi za nazi kwa tangawizi kavu ya unga, ambayo aliniambia familia yao wanaitumia, nyanya na majani ya giligilani, nazo zikawa nzuri kiasi kwamba sasa huzipika hivyo hata nikiwa peke yangu. Kwa Muislamu mwenzako kutoka nchi nyingine, usidhani. Wako wanaokula nyama ya duka lolote na wako wasiogusa isipokuwa wamejua bucha. Sema umeinunua wapi.

Kosa linalotokea sana ni samli. Mtu anaapa kwamba wali wake hauna kitu cha mnyama, kumbe amekaangia kitunguu kwa samli na chapati amezikanda kwa maziwa.

Ninapikia watu kumi na zaidi. Ni mambo gani ya usalama niyaangalie?

Matatu tu, lakini yashike. La kwanza ni maharage mekundu. Yana sumu ya asili inayoumiza tumbo vibaya, na huvunjwa kwa kuchemka kwa nguvu dakika zisizopungua kumi baada ya kulowekwa usiku kucha na kumwaga maji yake. Nyumbani hatukuhitaji kuambiwa, maana maharage hukaa motoni nusu siku yakitokota. Huku watu wana majiko ya umeme ya kupika polepole, ambayo moto wake haufiki huko, na ndani yake maharage mabichi yanaweza kulainika bila kuwa salama. Yachemshe kwanza kwenye sufuria ya kawaida.

La pili ni wali. Pilau ya shughuli kwetu hulala sufuriani ikaamkia kiporo cha asubuhi, nami nimekila tangu utotoni. Hata hivyo wali uliopoa taratibu huotesha bakteria ambao sumu yao haifi kwa kupashwa moto. Ushauri wa mamlaka za afya za Uingereza ni kuupoza ndani ya saa moja, kuuweka kwenye friji, kuula ndani ya saa 24 na kuupasha moto mara moja tu. Utandaze kwenye sinia pana ili upoe upesi, na mgeni anayebeba chake mwambie hivyo hivyo.

La tatu ni mkaa. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba, wala kwenye hema, wala mlangoni, hata kama mvua imekukatisha mishkaki katikati. Nyumba za huku zimezibwa dhidi ya baridi, na hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina harufu. Watu hufa usingizini. Mvua ikikatiza mishkaki, imalizie kwenye oveni.

Niwalazimishe kula kwa mkono?

Hapana. Weka uma na vijiko mezani, nawa mikono mbele yao, kisha anza kula kwa mkono bila kutoa hotuba. Wengi watavisogeza vijiko wenyewe. Ninachokipenda ni kuleta birika na beseni na kuwamiminia maji mmoja mmoja, kwa sababu tendo hilo linaeleza kila kitu bila maneno. Waambie tu kwamba ni mkono wa kulia, na mwenye kutumia wa kushoto kwa kuzaliwa usimfanye kioja.

Kuhusu muda wa kufika na adabu za mezani, nitarajie nini?

Ukisema saa moja jioni, Mwingereza atafika saa moja na dakika kumi, na Mjerumani anaweza kuwa amesimama nje ya mlango saa moja kasoro dakika mbili akisubiri. Hakikisha lakini umeandika saa kwa hesabu ya Kizungu na kwa tarakimu, kama 19:00, ili zisichanganywe na saa za Kiswahili. Nina jamaa aliyemwandikia mwanafunzi wake wa Kiswahili "karibu saa mbili", mwanafunzi akatumia ujuzi wake mpya na kufika saa mbili usiku barabara, wakati mwenyeji, ambaye kwa mazoea ya huku alikusudia saa nane mchana, alikuwa amekwisha kuosha vyombo.

Neno "karibu" nalo liwekee tarehe. Kwetu mtu akipita mlangoni mnakula huitwa, naye hula au huonja kwa adabu. Kwao, ukisema "karibu nyumbani siku moja" bila kutaja siku, atachukulia kuwa ni salamu. Halafu iko ile ya kukataa. Sisi mgeni akisema ameshiba tunamwongeza, kwa kuwa tunajua anaona haya. Mwingereza akikataa mara ya kwanza huwa amekataa kweli, na ukimjazia sahani atakula kwa mateso. Mwongeze mara moja, kisha muache. Wageni kutoka Iran, Syria au Nigeria wao ni kama sisi: sisitiza mpaka wacheke.

Mgeni ameleta mvinyo nami sinywi pombe. Nifanyeje?

Mshukuru, mwambie kwa lugha laini kwamba nyumbani kwako hainywewi, na umrudishie wakati wa kuondoka. Bora zaidi ni kumwambia mapema kwamba umetengeneza juisi ya ukwaju, kwa sababu mtu wa huku huona aibu kuja mikono mitupu na atauliza alete nini. Mwagize matunda au aiskrimu.

Ninaishi nyumba ya kushirikiana. Vipi kuhusu harufu ya dagaa?

Dagaa wa Kigoma ni watamu, lakini harufu yao haikuombi ruhusa kuingia chumba cha jirani. Waambie wenzako siku moja kabla, fungua madirisha, funga milango ya vyumba, loweka na kuosha dagaa kabla ya kukaanga, kisha wape waonje, kwani aliyekula hulalamika kidogo kuliko aliyenusa tu. Kengele ya moshi usiifunge kwa mfuko wa plastiki, kama nilivyoona vijana wakifanya wakikaanga chapati. Punguza moto, futa unga unaobaki kwenye kikaango kabla ya kuweka chapati inayofuata, maana huo unga unaoungua ndio chanzo cha moshi wote.

Ninaweza kubeba vyakula kutoka nyumbani?

Nyama na bidhaa za maziwa kutoka Afrika Mashariki haziruhusiwi kuingia, na samli ya bibi ni bidhaa ya maziwa. Viungo vikavu kama iliki, karafuu na mdalasini havina taabu. Kwa matunda na mboga mbichi, soma tangazo la serikali ya Uingereza kabla ya safari, kwa sababu kanuni hubadilika.

Marafiki wananiambia niuze. Inaruhusiwa?

Kuwapikia marafiki bila malipo hakuhitaji kibali. Ukianza kuuza, hata sambusa kutoka jiko la nyumbani, unatakiwa kujisajili kwa halmashauri ya mji wako kama biashara ya chakula, angalau siku 28 kabla ya kuanza. Usajili ni wa bure, na maofisa huja kukagua jiko. Mpangaji asome pia mkataba wake wa nyumba. Ila jiulize kwanza kama unataka. Sambusa 20 za kupika Jumamosi na marafiki wakikunja pembe vibaya huku wakicheka ni jambo moja, na sambusa 300 za kuagizwa kabla ya Idi ni jambo jingine.

Nao wakinialika, na chakula kikawa hakina ladha kwangu?

Kula. Wao walikula ugali wako. Nyama ya kuoka ya Jumapili na viazi vyake ina utamu unaokuja taratibu, hasa ukielewa kwamba kazi yote iko kwenye rojo la kahawia linalomwagiwa juu. Mtu wa mchuzi hana sababu ya kuchukia hilo. Zamani nilikuwa natembea na kichupa cha pilipili kwenye mkoba. Siku moja mwenyeji alikiona, akakiomba, akajitilia yeye kwanza, na tangu hapo hukikuta kimewekwa mezani kwake karibu na chumvi, lakini sitakushauri ukitoe bila kuulizwa. Uliza mapishi, na upike chakula chake siku ya kumwalika tena. Mpoland aliyekuta supu ya bitiruti ya kwao mezani kwangu, pembeni ya maandazi, alimpigia mama yake simu ya picha papo hapo.

Nikimpa jirani chakula kwenye chombo changu, nitakipata?

Utakipata, kimeoshwa, ila kitupu, na usinune. Desturi yetu ya pwani kwamba sahani ya jirani hairudi bila kitu haijulikani huku, na kwa Mwingereza kurudisha chombo kikiwa safi ndiyo adabu yenyewe. Mimi hutumia makopo ya aiskrimu kwa wale nisiowajua na hotpoti kwa wale ninaowaamini. Mama mmoja mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, ambaye nilimpelekea pilau kila Idi kwa miaka minne, alirudisha hotpoti kavu miaka mitatu mfululizo. Mwaka wa nne mjukuu wake alimweleza desturi yetu, sijui aliisikia kwa nani shuleni, na hotpoti ikarudi na vipande sita vya keki ya tufaha vikiwa bado vya moto, mvuke umevilowesha vyote.